Mashine ya alizeti inakula bering kila msimu, nifanyeje?

MkamuajiKibaigwa: Shikamooni wakuu. Nakamua alizeti hapa Kibaigwa. Bering ya shafti kuu, namba 6310, inakufa kila msimu ukichanganya. Nimenunua mpaka za bei kubwa, inaunguruma tena. Fundi akapiga sentapanchi (vidoti vya kugonga kwa patasi yenye ncha) kwenye shafti ili ishike, wapi! Niuze mashine?

FundiMkerezaji (Kizota): Marahaba kijana. Usiuze, na acha kununua bering kwanza. Tundu la 6310 ni milimita 50 (tarakimu mbili za mwisho mara 5). Shafti hapo ipimwe kwa maikromita. Ikisoma 49.90, hakuna bering itakayokaa. Inatakiwa iingie kwa kukaza: 50.00 hadi 50.02, basi. Sentapanchi inanyanyua vichuguu vya chuma, bering inakalia ncha tupu. Mzigo ukizilaza, shafti inazunguka ndani ya bering na kujila yenyewe. Kazi hiyo siipendi kabisa, inamlia mkulima hela.

Mimi nilikerezea viwanda vya Morogoro miaka ya 1980. Fedha za kigeni hazikuwepo nchini, spea ukiagiza haiji, na zamu nzima imesimama inakungoja wewe. Shafti iliyolika tuliijaza kwa kuchomelea, tukaikereza upya, ikarudi kazini. Na yako fanya hivyo: vijiti vya kuchomelea aina ya 7018 vilivyokaushwa vizuri, mstari mmoja upande huu, unaofuata upande wa pili ili isipinde. Ifukie kwenye majivu makavu ipoe taratibu, ndipo iende kukerezwa.

Mchomeleaji_Singida: Mzee, skrubu za kukamulia zikilika sisi huzijaza papo hapo bila kushusha shafti. Ina shida?

FundiMkerezaji: Ethi, ile klempu ya kurudishia umeme wa kuchomelea, mnabana wapi?

Mchomeleaji_Singida: Kwenye fremu.

MkamuajiKibaigwa: Hata huyu wangu anabana kwenye fremu!

FundiMkerezaji: Basi tumempata mchawi wa pili. Umeme ukitoka kwenye skrubu kwenda fremu unapita kwenye bering, unachoma vidoti kwenye gololi na njia zake. Baada ya hapo lazima iungurume, hata iwe mpya. Ethi ibanwe kwenye shafti yenyewe, karibu na pale unapochomelea. Bora zaidi shafti ishushwe.

MkamuajiKibaigwa: Nashukuru sana mzee wangu. Kesho naishusha.

FundiMkerezaji: Ipimwe ukiwa umesimama hapo hapo. Na hausingi, yaani nyumba inamokaa bering, nayo: milimita 110 kwa ndani. Nitumie vipimo vyote viwili kabla hujalipa mtu.