Nataka kununua GPS ndogo ya upimaji hapa Mwanza: rova moja au seti ya besi na rova?

MpimajiKishiri
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Mimi ni fundi sanifu wa upimaji, nilisoma Chuo cha Ardhi Tabora, nafanya kazi chini ya mpima aliyesajiliwa hapa jijini. Kazi zetu nyingi ni urasimishaji wa makazi upande wa Kishiri na Buhongwa, halafu kuwasetia mafundi misingi ya nyumba, uzio, mara mojamoja godauni. Vifaa tunakodi. Nimejibana miaka miwili, nina milioni 9, nataka nimiliki changu. Nimevutiwa na hivi vidogo vya siku hizi vinavyoingia kwenye begi la mgongoni, maana milima yetu mnaijua. Kupandisha totali stesheni (ile mashine ya kupima pembe na umbali) na tripodi yake kwenye mawe ya Mabatini au Igogo ni kazi ya watu wawili.

Muuzaji mmoja ananishauri rova moja tu, yaani kile kipokezi unachotembea nacho, inayopokea marekebisho kwa intaneti ya simu. Mwingine anasema nichukue seti ya viwili: rova na besi, ile inayosimama sehemu moja na kuitumia rova marekebisho.

Sasa kuna jambo linaninyima usingizi. Wiki iliyopita nilikodi seti nikaseti msingi wa godauni Kisesa. Siku ya kwanza niliweka besi uwanjani juu ya msumari, nikabonyeza ichukue koodineti za pale ilipo, nikapiga pegi za upande wa barabarani. Mvua ikaja, tukafunga. Kesho yake nikaisimamisha besi palepale, msumari uleule, nikabonyeza vilevile, nikamalizia upande wa nyuma. Rova ilikuwa imefiksi muda wote, yaani imeshika nafasi kwa usahihi wa sentimita, inaonyesha sentimita moja na nusu. Fundi alipovuta kamba kona kwa kona, vipimo viwili vilipishana sana. Pegi zote za siku ya pili zimehama kama mita 1.3 kuelekea upande mmoja. Isitoshe, uzio ambao tepu inasema mita 120, rova inasema 119.93.

Mwenye kazi ananiuliza kosa ni la nani, na sina cha kumjibu. Je, kifaa nilichokodi ni kibovu? Naogopa kununua aina ileile.

FundiNyasaka
Pole sana mkuu. Zege limeshamwagwa?

MpimajiKishiri
Bado. Wamechimba mitaro tu, nondo hazijashuka.

BikoniYaZamani
Shukuru hapo, kijana. Waambie wasimamishe kazi kwanza, halafu nisikilize.

Kifaa ni kizima. Tatizo ni hicho kitufe ulichobonyeza. Besi ikijitafutia mahali yenyewe, bila koodineti inayojulikana, inakosea mita moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na kila ukiiwasha upya inakosea kivyake. Sentimita moja na nusu uliyokuwa unaiona ni ya kutoka besi hadi rova. Haisemi chochote kuhusu besi iko wapi. Siku ya kwanza besi ilidai msumari uko hapa, siku ya pili ikadai msumari uleule uko mita 1.3 pembeni, na rova ikafuata.

Siku ya pili ulitakiwa kuingiza kwa mkono zile koodineti za siku ya kwanza, upime upya urefu wa antena, kisha kabla ya pegi yoyote mpya uweke rova juu ya pegi ya jana uone inasema nini. Mimi sianzi kazi kabla sijagusa alama ninayoijua, na kabla ya kufunga narudi kuigusa tena. Ni dakika tatu tu.

Halafu usidhani pegi za siku ya kwanza ziko salama. Nazo zimetoka kwenye besi iliyojikisia. Nenda kwenye bikoni za kiwanja hicho, zile alama za mipaka, gusa tatu kama zipo, linganisha na ramani ya upimaji. Uliza pia ramani ile imechorwa kwa mfumo gani. Viwanja vingi vya zamani viko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti, na tofauti yake na WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, huku kwetu ni karibu mita 300. Kosa la ukubwa huo utaliona mara moja. Hilo la mita moja ndilo linalojificha.

Hiyo 119.93 ni habari nyingine kabisa, na Mwanza inatugusa kuliko sehemu nyingi. Tuko kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda. Mstari wa kati wa kanda hiyo ni nyuzi 33 mashariki, na unapita hapahapa kwetu. Kwenye mstari wa kati kipimo kimepunguzwa kuwa 0.9996, yaani kila mita 100 za ardhini zinapungua sentimita 4 kwenye ramani. Weka na mwinuko: ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na huo unakata karibu sentimita 2 nyingine kwa kila mita 100. Kwa mita 120 jumla inakuja sentimita 7. Ndizo zako hizo. Tepu haijadanganya na rova haijadanganya. Kwa jengo, seti programu ikupe umbali wa ardhini. Kwa mipaka ya viwanja, baki kwenye mfumo wa ramani.

MpimajiKishiri
Mzee wangu, shikamoo. Nimeisoma mara tatu. Hesabu ya ile sentimita 7 nimeipiga kwenye karatasi na imetoka. Kazi nimeisimamisha.

MamaRovaNyegezi
Kaka, nirudi kwenye swali lako la kununua. Rova moja usichukue.

Mimi nilianza na moja. Ukiwa mjini kati, sawa. Ukishuka bonde la nyuma ya mlima mtandao unakatika na kazi inasimama, huku wateja wamekaa kwenye mawe wanakutazama. Na hata mtandao ukiwepo, lazima kuwe na besi ya mtu karibu. Watengenezaji wengi wanaandika milimita 8 za msingi na milimita 1 kwa kila kilomita kutoka kwenye besi. Kwenye karatasi kilomita 40 zinaonekana si kitu, ila sisi tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Tabaka la anga lenye chaji, ionosfea, linavuruga mawimbi huku kwetu kuliko Ulaya, na baada ya jua kuzama ndiyo kabisa. Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, nimekaa saa nzima jioni rova inaelea, haifiksi. Besi ikiwa kilomita moja au mbili kutoka kwako, shida hiyo inapungua sana, kwa sababu besi na rova zinatazama anga ileile.

Kwa hiyo soma maandishi kabla ya bei. Reach RX ya Emlid ina gramu 250 na ni nzuri kubeba, ila imetengenezwa kuwa rova tu, marekebisho inayapata kwa intaneti. DA2 ya Trimble nayo ni ndogo, lakini usahihi wake unaulipia kwa usajili. Kwa kazi zako tafuta viwili vyenye masafa ya setilaiti L1 pamoja na L2 au L5, vinavyosoma setilaiti za GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, vyenye redio ndani na uwezo wa kurekodi data ghafi, yaani vipimo vya setilaiti kabla ya kukokotolewa. Hiyo data ghafi ndiyo itakuokoa pasipo na bikoni: acha besi irekodi kwa muda wa saa nne au zaidi, tuma faili kwenye huduma ya bure kama CSRS-PPP ya Kanada au AUSPOS ya Australia, na koodineti za msumari wako zinarudi kwa sentimita chache. Zinarudi kwenye mfumo wa dunia, usisahau kuzibadilisha.

Fimbo ya kuinamisha, ile ambayo rova inapima sawasawa hata ikiwa imelala upande, ninaipenda kwenye kona za kuta na miamba usiyoweza kusimama juu yake. Kwa boliti za nguzo za chuma bado natumia totali stesheni, hapo sentimita mbili ni nyingi. Chini ya mwembe au katikati ya mabati na mawe makubwa, hata ikisema imefiksi, toka, ingia tena, pima mara ya pili.

FundiNyasaka
Kuna mengine mawili. Redio ya UHF, ile ya besi kuongea na rova, ina masharti yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, muulize muuzaji kama kifaa kimeidhinishwa. Na ukiitwa kuseti kitu ufukweni, Luchelele au popote, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji. Maji yamepanda miaka hii, usipimie alama ya zamani ya mwenye kiwanja.

MpimajiKishiri
Wakuu, nimerudi na majibu.

Jana nilikwenda Kisesa na mpima wangu. Bikoni tatu tulizikuta, moja ilikuwa chini ya udongo wa mtaro, tukaifukua kwa mikono. Tuliisimamisha besi juu ya bikoni ya kona, tukaiingizia koodineti zake, tukagusa nyingine mbili: ya kwanza tofauti milimita 14, ya pili milimita 19. Kisha tukagusa pegi zangu. Za nyuma ziko mbali kama mlivyosema. Za barabarani nazo, ambazo nilikuwa naziamini, zimesogea sentimita 80 kuelekea hifadhi ya barabara. Mzee umeniokoa, nilitaka kuhamisha upande mmoja tu.

Muuzaji wa seti ya viwili amekubali nikaijaribu Jumamosi juu ya bikoni hizohizo kabla sijalipa. Yule wa rova moja nimemshukuru.

Mwenye kazi nimemweleza yote, kwamba kosa ni langu. Kesho saa 12 asubuhi tunachimba upya pande zote nne, na vibarua nawalipa mimi.