Naomba ushauri: kijana amechaguliwa na klabu ya besiboli, asaini au aende chuo?

Baba_wa_Mrushaji: Wakuu, salaam. Tunaishi Texas, kwetu ni Kigoma. Kijana wangu wa miaka 18, mrushaji (yule anayemrushia mpira mwenye gongo), amechaguliwa wiki hii kwenye duru ya 11 ya drafti ya ligi kuu ya besiboli, yaani zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, lenye duru 20. Klabu inatoa dola 150,000 akisaini, na chuo kikuu nacho kimeahidi ufadhili unaogusa karibu gharama zote. Tuna hadi mwisho wa Julai, na akishasaini hataruhusiwa tena kuchezea timu ya besiboli ya chuo. Mama yake anataka chuo, mimi naelemea klabu, na usingizi umenipaa.

Babu_Kibaraza: Nilipoona neno drafti nilidhani kijana amekula kete zote za wazee pale kibarazani, nikawa tayari kumpa hongera. Kama ni kurusha mpira tu, mtoto asome kwanza, mpira utamsubiri.

Mama_Nuru: Babu, mpira huu hausubiri hivyo. Akiingia chuo cha miaka minne hataweza kuchaguliwa tena hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21, ila akipitia chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa kila mwaka. Baba, hizo 150,000 zitakatwa kodi na ada ya wakala, na mshahara wa ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo, wanakoanzia vijana kabla ya ligi kuu, kwa makubaliano ya mwaka 2023, ulikuwa dola 19,800 kwa mwaka. Mkielekea klabu, daini kwamba mkataba uandike fedha za masomo yake ya baadaye, na mkumbuke kwamba lazima aanze kusoma ndani ya miaka miwili tangu aache kucheza.

Azania_Zamani: Mmenikumbusha Wajapani waliotufundisha mchezo huu Dar es Salaam. Siku ya kwanza nililishika lile gongo kama mchi, kocha akacheka hadi akakaa chini. Mimi ningesaini hata kwa nauli ya daladala.

Mdadisi: Mchezaji nyota Aaron Judge alichaguliwa na klabu ya Oakland mwaka 2010 kwenye duru ya 31, akakataa, akaenda chuo kikuu cha Fresno State, na mwaka 2013 klabu ya Yankees ya New York ikamchukua akiwa mchezaji wa 32 kwa jumla. Kukataa si kufunga mlango. Ndiyo maana nauliza: mwenye chuo mkononi ana haraka ya nini? Kuna jambo hujalisema.

Baba_wa_Mrushaji: Haya. Mwezi wa nne nilimwona mezani akimega ugali kwa mkono wa kushoto, nikamkaripia mbele ya wageni kwa kukosa adabu. Usiku akaja chumbani kuniambia kwamba kiwiko cha kulia hakikunjiki vizuri baada ya kurusha. Hatukumwambia mtu, hata mama yake, na msaka vipaji wa klabu nimekwisha kumpa neno langu kwa simu kwamba tutasaini. Lakini warushaji wote huumwa viwiko, na akiumia chuoni atakuwa ameumia bila senti mfukoni. Je, baba mwenye akili angefanya nini tofauti?

Kata_Ngebe: Jamani, mnaliwa muda wenu. Ugali, wageni, mkono wa kushoto, siri ya usiku: hii ni hadithi ya kutunga. Na ni Mwafrika gani mnayemjua katika besiboli ya Marekani?

Mama_Nuru: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliichezea klabu ya Pittsburgh mwaka 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika ligi kuu. Na huyu kijana amekulia Texas. Ulitaka acheze bao?

Babu_Kibaraza: Bao lina akili kuliko hilo gongo.

Mdadisi: Iwe kweli au ya kutunga, jibu ni moja, kwa sababu klabu itampima kabla ya kulipa. Brady Aiken, mrushaji, alichaguliwa wa kwanza kabisa na klabu ya Houston mwaka 2014. Vipimo vikazua shaka juu ya kiwiko, dau likashushwa, mkataba ukavunjika, na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji. Neno la kwenye simu si saini. Mpimeni ninyi wenyewe kwanza, halafu ndipo mjue mnachagua kati ya nini na nini.

Kata_Ngebe: Basi tuoneshe barua ya klabu.

Baba_wa_Mrushaji: Barua ina jina la mtoto, sitaiweka hapa, na usiponiamini sina kinyongo. Wakala ametupatia nafasi ya kupiga picha ya kiwiko kesho saa tatu asubuhi. Mama yake nimemweleza jioni hii. Ameniwekea chakula mezani, akaenda kulala chumba cha watoto.