Amplifaya mbili za bei, nataka kuzijaribu nyumbani Lamu kabla sijanunua, nifanyeje?

Mkomani_Udi
Asalam aleikum wadau wa sauti. Niko Amu, mtaa wa Mkomani, na kwa muda nimekua nikiweka pesa ya amplifaya ya stirio ya maana, ile mtu anakaa nayo miaka na miaka. Spika ninazo tayari, KEF LS50 Meta, nazipenda na siziuzi. Kichwani zimebaki mbili, Hegel H190 ya Norwei na Luxman L-550AXII ya Japani ambayo ni klasi A (ile aina inayowaka moto muda wote). Kuna duka Nairobi wamekubali nichukue zote mbili nizisikilize nyumbani, naacha dipoziti, nikichagua moja nyengine narudisha. Alafu kuna Mtaliano hapo Malindi anafunga nyumba anarudi kwao, anauza amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani badala ya transista) ya Unison Research, amesema niende niisikilize kwake lakini haitoki mlangoni mpaka ilipwe.

Sasa tatizo ni kwamba nikisoma huku na huku kila mtu ana lake, huyu anasema Luxman tamu, yule anasema Hegel besi yake imeshikana, mwengine anaapa kwamba amplifaya zote ni moja na unalipia boksi tu. Mimi nataka masikio yangu ndo yaamue lakini sitaki yanidanganye. Na kutoka Nairobi mpaka hapa ni basi mpaka Mokowe, boti, kisha mkokoteni mpaka mlangoni, kwa hivyo si jambo la kurudia rudia. Chumba ni cha nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti juu, upana kama mita 2.8 na urefu karibu 7. Nasikiliza taarab ya udi, kasida, na jazi kidogo. Nianzie wapi?

FundiBarani
Waleikum salaam ndugu yangu. Hapo umepata bahati, duka la kukubali amplifaya zivuke bahari kwa majaribio si rahisi kulipata, kwa hivyo itumie vizuri hio nafasi.

Kabla ya lolote sawazisha sauti. Hapa ndo watu huibiwa na masikio yao wenyewe, manake amplifaya moja ikiwa juu hata kwa desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti) hutasema "hii iko juu", utasema hii ni safi zaidi, udi umekuja karibu, besi imejaa, na utalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho ungekipata kwa kuzungusha kitasa kidogo tu. Na usisawazishe kwa macho, nusu ya kitasa cha Luxman haina uhusiano wowote na nusu ya Hegel. Tafuta multimita (kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme), hata ya bei ya kawaida, weka kwenye AC, upande wa kupima volti, cheza toni ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde (programu za kutoa toni ziko tele kwenye simu) na upime pale spika zinapoungwa nyuma ya amplifaya, spika zikiwa zimeungwa. Usitumie hezi elfu moja, multimita nyingi za rahisi huko juu zinaanza kusoma uongo. Lenga volti 2.83, hio ni wati moja kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ya pili ifuate hapo hapo, isipishane zaidi ya volti 0.03 ambayo ni kama desibeli 0.1. Kama moja voliyumu yake inapanda kwa hatua hatua, iweke hio kwanza kisha ile ya kitasa ndo uifuatishe, tia tepu, usiguse tena.

Na tafadhali sana, usiunge amplifaya mbili kwenye spika moja kwa pamoja hata kama moja imezimwa. Ukitumia boksi la swichi la kuhamisha spika kutoka amplifaya moja kwenda nyengine hakikisha linakata waya zote mbili, chanya na hasi, sababu kuna amplifaya ambazo hasi yake ya spika si ardhi, ukizikutanisha unachoma zote.

Mkomani_Udi
Ahsante Fundi, hio ya multimita sikua naijua kabisa, mimi nilidhani ni kusikia tu. Na boksi la swichi ni lazima ama naweza kubadilisha waya kwa mkono?

FundiBarani
Kwa mkono waweza, zima zote kwanza, lakini ukimaliza kufunga waya sauti ya ile ya kwanza ishatoka kichwani. Kumbukumbu ya sauti ndogo ndogo ni ya sekunde tu. Hapo wabaki na ulichokiamini sio ulichokisikia.

BintiLangoni
Kaka, aliyoyasema Fundi ni kweli lakini hata ukisawazisha mpaka mwisho, ukijua ipi inacheza akili itachagua kabla ya masikio. Ile Luxman ina mita za sindano mbele zinawaka taa, wallahi mtu akizitazama zikicheza na udi atasema sauti ni ya moto, hata kama inayocheza ni ile nyengine. Kwa hivyo mwambie mtu wa nyumbani akae nyuma yako abadilishe yeye, asikuambie, aandike kwenye karatasi, na wewe uandike yako. Chagua kipande kimoja unachokijua kwa moyo, sekunde 20 au 30 tu, udi ukiwa peke yake na uzi ukivutwa, ukirudie. Fanya mara 10. Ukipatia 5 au 6 umebahatisha. Ukipatia 9, bahati peke yake hufika hapo kama mara 1 katika 100, hapo sasa jua unasikia kitu.

Na chumba!! Nyumba zetu hizi kuta nene na ngumu, ndefu na nyembamba sababu boriti ndo iliyoamua upana. Simama katikati upige kofi moja, ukisikia ule mlio mkali unaokimbizana baina ya kuta mbili basi huo utafunika tofauti ya amplifaya yoyote. Tandika zulia nene, weka magodoro ya kukalia, pazia nzito upande mmoja, upige kofi tena. Kama una zidaka (vile vishimo vya urembo vya ukutani) nyuma usizizibe, zile kina zake tofauti zinatawanya sauti vizuri sana. Upana wa mita 2.8 pia unazaa mngurumo karibu na hezi 60, na spika zako zinafika huko, kwa hivyo ukisogeza kichwa nusu mita besi itabadilika kuliko itakavyobadilika kwa kubadilisha amplifaya. Tia alama sakafuni kiti kilipo, na spika zilipo, kisiguswe kitu mpaka umalize.

Dukani pia mwandikiane. Muda gani, nani analipa usafiri wa kurudisha, na boti ikirusha maji ni juu ya nani. Katoni zake usizitupe.

MzeeWaShela
Nimesoma nimefurahi kuona vijana wa huku wanajali sauti hivi. Lakini mimi sikubaliani na hii ya sekunde 20. Mimi nasikiliza tangu zama za NAD 3020, ile ndogo ilotoka 1978, na nakwambia amplifaya haijulikani kwa kukatiza katiza. Kaa nayo. Wiki nzima moja, wiki nzima nyengine, usiku baada ya isha watu wametulia. Kuna amplifaya siku ya kwanza unashangaa, ya tatu umechoka unazima mapema bila kujua kwa nini. Hio hutaiona kwenye karatasi yako ya mara 10. Muziki hausikilizwi kwa vipande, kasida nzima ina mwendo wake na mtu anataka kujua kama amplifaya inamfikisha mwisho.

FundiBarani
Shikamoo mzee. Kukaa nayo ni lazima, hapo niko nawe, manake hata kitasa kinachokwama au remoti ya kuudhi hutaijua kwa dakika kumi. Ila naomba sauti zisawazishwe hata kwenye hizo wiki, vinginevyo ile ya kuchosha huenda ni ile tu iliyoachwa juu.

Na kuna kisa cha kweli kinachofaa hapa. Mwaka 1985 Bob Carver wa Marekani aliwaahidi wahariri wa gazeti la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista, ya bei ya kawaida, itoe sauti ile ile ya amplifaya ya valvu ya bei kubwa watakayoichagua wenyewe. Akazilisha zote mbili muziki mmoja, akawa anatoa ya moja kwenye ya pili na kutazama kinachobaki, akirekebisha mpaka kinachobaki kiko karibu desibeli 70 chini ya muziki wenyewe. Wahariri wakasikiliza wakashindwa kuzitofautisha. Watu husema kisa hiki kinaonyesha amplifaya zote ni moja, mimi nasoma kinyume chake, kama zingekua moja Carver asingekua na cha kurekebisha. Tofauti ilikuwepo, na ilikua ni kitu cha kupimika.

Zaidi kwa valvu. Ile ya Mtaliano itakua na ukinzani wa ndani mkubwa kuliko hizo nyengine, na spika yako omu zake hupanda na kushuka kulingana na noti. Chukua mfano amplifaya yenye omu 2 ndani, spika ikiwa omu 4 mahali na omu 20 pengine, hapo sauti inapishana karibu desibeli 2.7 baina ya noti na noti. Hio inasikika na mtu yeyote bila karatasi. Waweza kuipenda, si dhambi, lakini ujue ni rangi imetiwa juu ya rekodi. Kwa sababu hio pia toni moja ya hezi 200 haitoshi kuisawazisha valvu, pima na noti kadhaa.

Wati_Malindi
Mbona hamna aliyetaja nguvu?? LS50 Meta ni desibeli 85 kwa volti 2.83 mita moja, spika ndogo inayokula nguvu. KEF wenyewe wanaandika amplifaya ya wati 40 mpaka 100. Luxman hio ni wati 20 kwa omu 8, Hegel ni 150. Hesabu ni kwamba wati 20 zinakufikisha kama desibeli 98 mita moja, wati 150 karibu 107, ingawa spika yenyewe KEF wanasema mwisho wake 106. Kwa udi na sauti ya mtu saa tano usiku wati 20 zinatosha na kubaki. Lakini kasida yenye matari ya kwelikweli, ukifungua, vilele vya sauti vitaanza kukatwa na hapo ndo utasikia tofauti kubwa kuliko zote mlizozitaja. Kwa hivyo jaribio lako liwe na kipande kizito kwa sauti kubwa zaidi unayoitumiaga, sio udi peke yake.

Alafu joto. Klasi A inakula stima muda wote hata hakuna muziki, na karibu yote inatoka ikiwa joto, sasa fikiria Machi kaskazi imelegea chumba kiko digrii 33. Usije ukaitia kwenye kidaka kwa ajili ya urembo, wala kabatini, iache pembeni zote wazi. Ikishawashwa ipe nusu saa kabla ya kuihukumu.

Na geuza uangalie nyuma imeandikwa nini. Stima yetu ni volti 240 hezi 50. Zipo Luxman za soko la Japani za volti 100, ukiichomeka hivi hivi ukutani imekwenda. Stima ya jioni pia hushuka watu wakiwasha mafeni na mafriji, kwa hivyo usisikilize moja asubuhi na nyengine magharibi ukasema umelinganisha. Chumvi ya bahari mnaijua wenyewe, futa soketi na vituo vya spika mara kwa mara, na mijusi wasipate njia ya kuingia kwenye matundu ya juu.

Mkomani_Udi
Mashallah, nimepata zaidi ya nilichoomba. Ya nguvu imenigusa sana Wati, manake kasida za Maulidi nazisikiliza kwa sauti ya juu na sikua nimezifikiria kabisa, nilikua nikiwaza udi tu. Mzee nakuhakikishia nitakaa nazo, nitafanya ya BintiLangoni kwanza kisha kila moja ipate wiki yake zikiwa zimesawazishwa.

Imebaki ya valvu. Haitoki kwa Mtaliano, na kuisikiliza kwake na spika zake nyengine kabisa sioni itanisaidia nini.

FundiBarani
Zipeleke spika zako. LS50 Meta ni kilo 7.8 kila moja, zabebeka. Basi la Mombasa si linapita Malindi? Ukiwa unakwenda Nairobi shuka Malindi uziache kwangu hapa Barani, ukirudi na Hegel na Luxman shuka tena, twende kwa Mtaliano na zote tatu, chumba kimoja, spika zile zile. Mimi nitakuja na multimita. Kwa ile ya valvu hatutumii boksi la swichi, ikiwashwa bila spika kuungwa transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua, tutazima na kubadilisha kwa mkono, ni kuchelewa kidogo lakini tofauti yake na hizo mbili ni kubwa hata kumbukumbu itaishika. Mpigie kwanza umuulize kama atakubali tuingie na amplifaya nyengine nyumbani kwake, wengine hawapendi. Na umuulize valvu zimebadilishwa lini na kama ana za akiba, sababu bei yake ya kweli itategemea hapo.

BintiLangoni
Uchukue na ile rekodi yako ya matari, usiende na udi peke yake.

Mkomani_Udi
Nampigia kesho baada ya alasiri. Fundi nitumie ujumbe wa siri tupange siku.