Samaki wa kwenye tangi la kioo kufa ghafla: watu wa Tanga tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila mtu kulalamika kwamba asubuhi kawakuta samaki wake wa mapambo wanaelea tumbo juu, na ushauri wa kwanza anaopewa ni "weka dawa". Dawa ya nini? Ugonjwa huanza na mmoja: anasusa chakula, anabana mapezi, anatoka madoa, anakufa, kisha anafuata mwenzake. Wakienda kwa mkupuo, kwanza shuku maji. Kwa hiyo mwenye kisa atuambie walikufa saa ngapi, nani alitangulia, na siku hiyo au jana yake kulibadilika nini pale nyumbani. Nataka visa vya hapa hapa mjini, maana joto letu na maji yetu si yale ya kwenye video za Ulaya.

MDAU, CHUMBAGENI
Kwangu alikuja binti wa mjomba, mtu wa usafi kupita kiasi. Narudi kazini nakuta tangi linang'aa, kokoto zimesuguliwa moja moja, sponji la filta limeoshwa bombani mpaka limerudi rangi ya dukani. Kila mtu akamsifu. Siku hiyo hakufa hata mmoja. Siku ya tatu wakaanza kuhema juu juu, matamvua mekundu yamechubuka, kufika jioni gapi wote, wale samaki wadogo wa mapambo, chali. Mpaka leo shangazi anasema ni jicho la jirani.

MWANZISHA MADA
Hiki ndicho kisa kinachowachanganya wengi, kwa sababu kifo kinachelewa na kosa linasahaulika. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji ndio mtambo wenyewe. Kuna bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitraiti, nayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia. Klorini ya bomba iliwafagia wote, amonia ikabaki inalundikana. Sponji likamulie kwenye ndoo ya maji uliyochota ndani ya tangi lenyewe, likitoa tope kubwa inatosha. Tangi jipya nalo halina bakteria hao, wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anayenunua tangi Ijumaa na kulijaza samaki Jumamosi, wiki ya pili anazika.

MDAU, NGAMIANI
Sisi ni dawa ya mbu. Mama kapuliza sebuleni baada ya magharibi kama kawaida yake, milango imefungwa. Hazikupita dakika nyingi samaki wakaanza kuruka. Mmoja alizunguka kama pia, akajigonga kwenye kioo, akalala ubavu chini, akaanza tena. Kabla ya isha hakubaki hata mmoja, na maji meupe pee, hayana harufu wala povu.

MWANZISHA MADA
Pole sana. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, sumu ya kuulia wadudu. Binadamu hazimsumbui sana, ila samaki anakufa kwa kiasi kidogo mno. Na ile pampu ya hewa inanyonya hewa ya sebuleni na kuisukuma majini, yaani inawalisha sumu. Nyumba yenye tangi watu walale kwenye chandarua, dawa ipulizwe chumba kingine.

MDAU, MAKORORA
Mnazunguka mbuyu. Muuaji ni klorini, basi. Maji ya Tanga yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, lazima yatibiwe. Mimi nakinga kwenye ndoo wazi, nayaacha siku nzima mpaka harufu iishe, ndipo naongeza. Sijaona kifo.

MWANZISHA MADA
Kuacha ndoo wazi kunasaidia kweli, na ukiweka pampu ya hewa ndani inatoka upesi zaidi. Mwenye haraka atumie sodiamu thiosalfeti, hiyo ndiyo imo kwenye dawa nyingi za kuondoa klorini. Ila kaka, klorini hujionyesha mapema, unabadilisha maji na muda si mrefu wanahangaika. Haiwezi kueleza aliyekufa wiki moja baada ya maji kubadilishwa.

MDAU, RASKAZONE
Mimi nilipamba kwa matumbawe na makombe ya ufukweni, tangi likapendeza hasa. Tangi la zamani halikudhurika. Nilipoweka kwenye tangi jipya, samaki walewale, chakula kilekile, wakafa. Fundi akaniambia matumbawe ni chokaa, yanapandisha pH, kile kipimo cha asidi na alkali ya maji. Mbona la zamani walipona?

MWANZISHA MADA
Kwa sababu la zamani halikuwa na amonia ya kupandishwa. pH ikitoka 7 kwenda 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali inaongezeka karibu mara 10, na joto nalo linaichochea. Tangi jipya pamoja na matumbawe pamoja na joto la kaskazi, hapo umeunganisha vyote vitatu. Sikilidi, jamii ya samaki wa mapambo, wale wa Ziwa Tanganyika wao hayo maji magumu ndiyo kwao, ila amonia haiwaachi.

MDAU, MIKANJUNI
Umeme ulikatika usiku, kaskazi, joto la kukukosesha usingizi. Alfajiri nakuta goldfishi wangu mkubwa kafa, wa pili kwa ukubwa kafa, vigapi vinaogelea kama hakuna kilichotokea. Nikajua tu, sumu ingeanza na wadogo.

MWANZISHA MADA
Umesoma vizuri. Mkubwa kutangulia ni dalili ya hewa kuisha. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu. Na usiku mimea ya majini nayo inavuta hewa, haitoi. Pampu ndogo ya betri ni ya kuwa nayo. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, suuza filta kwanza kwa maji ya tangi, kwani bakteria wa ndani wamekosa hewa na wanaoza.

MDAU, DUGA
Jamani wangu wanahema juu sasa hivi, umeme upo, pampu inatoa mapovu. Jana nilisafiri, mtoto kawamwagia kopo zima la chakula. Niweke chumvi?

MWANZISHA MADA
Acha chumvi kwanza. Nyonya chakula cha chini kwa mpira, toa theluthi moja ya maji, rudisha maji yaliyolala ndoo usiku. Una ndoo?

MDAU, DUGA
Ndoo ipo, ya jana mchana.

MWANZISHA MADA
Mimina taratibu kutoka juu. Kesho rudia robo, na chakula usiwape hadi keshokutwa.

MDAU, DUGA
Wawili wameshuka chini. Mkubwa bado yuko juu.

MDAU, MIKANJUNI
Chota kikombe cha maji ya humo humo umimine tena kutoka juu, rudia rudia karibu naye. Na huyo mtoto mfichie kopo.