Mrejesho: kuchapisha riwaya Dar, nianze na nini?

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: muswada umeshahaririwa, je, jalada lianze au ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu? Jibu: kwanza panga kurasa, halafu ISBN, jalada mwisho. Namba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi.

Sababu ya jalada kusubiri ni mgongo wa kitabu, ule upande unaoonekana kikiwa kwenye rafu. Kurasa 224 ni karatasi 112. Kwa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, mgongo ni takriban milimita 11. Ukiongeza sura moja baadaye, mgongo unanenepa na jina la kitabu lililo juu yake linahamia pembeni. Idadi ya kurasa nayo igawanyike kwa 16, maana ndivyo karatasi kubwa inavyokunjwa. Kurasa 230 zitalipiwa kama 240, kumi tupu!

Pambizo ya ndani iwe pana kuliko ya nje, la sivyo gundi inameza maneno. Peleka PDF, si Word. Fonti zikibadilika, mistari yote inahama.

Nakala chache, chapa dijitali, yaani moja kwa moja kutoka kwenye faili. Ofseti, ile ya mashine kubwa, ina gharama ya pleti (bamba za kuchapia) hata ukichapa hamsini. Na usilipe zote kabla ya kushika nakala ya majaribio, hata mchapaji awe shemeji yako.