Naomba ushauri: "execute" ni kuua, kutekeleza au kutia saini?

Mfasiri Mgeni:
Habari zenu ndugu. Ninafasiri makala ya historia ya Kongo, na nimekwama penye sentensi inayotumia neno "executed" kueleza kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, tarehe 17 Januari 1961. Kwanza niliandika "alinyongwa", nikafuta kwa sababu alipigwa risasi. Kisha nikaandika "alitekelezewa hukumu ya kifo", na hiyo nayo inaninyima raha. Juzi nilikutana na neno hilohilo katika mkataba wa pango, likimaanisha kutia saini. Kuua kuliingiaje humo?

Bibi Kamusi:
Mwanangu, shina lake ni kitenzi cha Kilatini "exsequi", yaani kufuata jambo hadi mwisho wake. Warumi waliita msafara wa maziko "exsequiae", kwa kuwa watu huufuata mwili mpaka kaburini. Lilipoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa, karne ya 14, lilimaanisha kutimiza, na kilichotimizwa kiliweza kuwa amri, wosia au hukumu. Hukumu ikiwa ya kifo, aliyeitimiza aliua, na katika karne ya 15 mtendwa wa kitenzi hicho akawa mtu mwenyewe, si hukumu peke yake. Kwa hiyo mkataba wako hauna fumbo: saini ndiyo inayoukamilisha.

Mzee wa Kumbukumbu:
Nakubaliana na Bibi kuhusu asili, lakini kwa Lumumba usikimbilie neno "hukumu". Yeye na wenzake wa kisiasa, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipigwa risasi usiku huko Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, bila mahakama yoyote kuwasikiliza. Ukiandika "alitekelezewa hukumu" unamwonyesha msomaji hakimu, mashtaka na utetezi ambavyo havikuwapo, na marehemu unamdhulumu mara ya pili. Hezekiah Ochuka, aliyenyongwa Kenya mwaka 1987 baada ya mahakama ya kijeshi kumtia hatiani kwa jaribio la mapinduzi la 1982, ni habari nyingine. Hapo "hukumu" inakaa mahali pake. Andika "aliuawa kwa kupigwa risasi", kisha utaje waliofyatua: askari wa Katanga, wakiamriwa na ofisa Mbelgiji.

Mfasiri Mgeni:
Shikamooni, na ahsanteni sana. Nimeandika hivi: "Lumumba na wenzake wawili waliuawa kwa kupigwa risasi, mmoja baada ya mwingine, bila kufikishwa mahakamani." Wale askari na ofisa wao nimewaweka katika sentensi inayofuata.