Naomba ushauri: Sorbonne ya Robert de Sorbon niiite chuo, bweni au nyumba?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama. Naandaa somo la Kiswahili kwa vijana wetu wa parokia kuhusu Robert de Sorbon, yule padri mwanateolojia wa Ufaransa aliyezaliwa 1201 familia ya kimaskini, akaja kuwa karibu na mfalme Louis wa 9, na 1257 akaanzisha pale Paris makazi ya wanafunzi maskini wa teolojia, ndiyo hiyo Sorbonne.

Sasa shida ni hapo kwenye "makazi". Nimeandika "chuo" lakini msomaji anachanganya na chuo kikuu cha Paris ambacho kilikuwepo tayari, nikafuta nikaweka "bweni", dogo mmoja kanisomea akaniuliza kwa hiyo walikuwa wanalala tu? Wakati walikula meza moja, walisoma na kujadiliana humohumo na vitabu vingine vilifungwa minyororo visitoke. Wenyewe waliita nyumba, ila "nyumba ya Sorbonne" naona kama ya kupanga vile.

La pili, kuna maandishi ya huyo Robert anafananisha hukumu ya mwisho na mtihani mbele ya chansela wa Paris, kwamba ukijua utaulizwa kitabu gani si utakisoma hicho, na kitabu chenyewe ni dhamiri yako. Naipenda mno hiyo. Chansela huyo alikuwa mtu wa kanisa kuu la Notre-Dame, ndiye anatoa ruhusa ya kufundisha, je nikiandika "mkuu wa chuo" napotosha?

Wataalamu wa tafsiri naombeni neno moja moja tu, Jumapili nafundisha.